Filta ya Sabini na Tatu

Salu alilileta lile lori kwangu siku ya Jumanne, na mimi nikalitambua kabla halijavuka daraja. Kuna watu huku kwetu wanatambua ng'ombe wao kwa mlio wa njuga. Mimi nilikuwa natambua malori ya ushirika kwa injini zake, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili niliyafungua na kuyafunga katika karakana ya chama kikuu pale Nyalikungu, mjini Maswa. Hilo lilikuwa Sabini na Tatu. Lilikuwa linapanda kutoka darajani likikohoa: linakata, linashika, linakata tena, na moshi mweusi unalifuata nyuma.

Liliposimama mbele ya banda langu hapa Dutwa nikaona namba yake bado iko mlangoni. Jina la ushirika lilikuwa limefutwa kwa rangi ya bluu, na juu yake pameandikwa MUNGU NI MWEMA. Sawa. Mungu ni mwema, lakini mwaka ule wa tisini na sita mimi sikuwa nimeuona wema wake kwa karibu.

Nieleze kidogo, maana hasira zangu zina chanzo. Soko huria lilipoingia, pamba ikaruhusiwa kununuliwa na kila mwenye mzani. Wakaja watu na viatu vya kung'aa, wakanunua Lalago, wakanunua Bariadi, wakanunua hata ile iliyomwagiwa maji na mchanga ili iwe nzito, na ushirika wetu ukabaki na maghala wanamolala popo. Mafundi tulikuwa kumi na wanne. Asubuhi moja tukapangwa uwanjani, tukasomewa majina, tukaambiwa tumepunguzwa. Ndilo neno walilotumia, kupunguzwa, kama vile tulikuwa maji yaliyozidi kwenye ndoo. Malori nayo, yaliyokuwa yamekaa juu ya mawe karibu miaka miwili, yakapigwa mnada.

Salu ni rika langu, mkulima na mfugaji wa hapa Dutwa, na tulicheza ngoma pamoja ujanani. Aliswaga karibu zizi lake zima hadi mnada wa ng'ombe, akaliuza ili apate Sabini na Tatu. Wazee walimcheka, wakasema nani amewahi kuona lori likizaa. Siku ya mnada wa malori alinishika mkono akanivuta pembeni, akaniuliza alichukue au aliache. Nikamwambia, "Chukua, nkoi, rafiki yangu. Injini hiyo nimeilea mwenyewe."

Akachukua. Udereva akampa Marcelo, mtoto wa Nyanjige. Nyanjige ni mjane, nyumba yake iko kando ya barabara karibu na kisima, na Marcelo ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Kila alipopita na lori alimpigia mama yake honi mara mbili, na mama alikuwa akiinuka hata kama yuko katikati ya kupeta mpunga, akasimama mpaka vumbi litulie.

Basi Jumanne ile nikafungua boneti, nikamwambia Marcelo aache injini ikiwaka. Kuna namna ya kumtafuta mgonjwa kwenye injini ya dizeli. Unalegeza nati ya paipu ya nozeli ya kwanza, mafuta yanaruka nje, silinda ile inakosa chakula. Mlio ukibadilika, ujue silinda ilikuwa inafanya kazi, kaza, nenda ya pili. Ukilegeza na mlio usibadilike, umempata mvivu wako. Nikaenda moja, mbili, tatu, injini ikilalamika kila mara kama inavyotakiwa. Ya nne nikailegeza, haikusema kitu. Nikaichomoa nozeli, nikaiosha kwa mafuta ya taa kwenye bakuli langu la bati. Kulikuwa na uzi mwembamba umenasa kwenye ncha. Nikadhani umetoka kwenye tambara langu, nikaupuliza ukaenda.

Nikarudisha nozeli, nikatoa upepo kwenye pampu. Dizeli ikaja, si kwa nguvu, lakini ikaja. Injini ikatulia, Salu akatabasamu. Siku mbili tu. Siku ya tatu lori likarudi likikohoa vilevile.

"Mzee, samahani," Marcelo akasema. Alikuwa na adabu kijana yule, sitamnyima hilo. "Mimi naona tufungue filta ya dizeli. Likiwa tupu linakwenda. Likibeba mzigo likafika kwenye kilima linakata. Nikilizima robo saa likapumzika, linaondoka tena kama si lenyewe. Nahisi kuna kitu kinaziba, halafu kinaachia."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Angekuwa fundi mwenzangu amesema maneno yale, ningefungua filta palepale. Ni maneno ya mtu anayesikiliza gari. Lakini nilikuwa nimepunguzwa, nakaa kwenye banda la mabati manne natengeneza baiskeli na mashine za kusaga, halafu dereva niliyemzidi miaka thelathini ananionyesha pa kuweka spana.

"Filta hiyo niliifunga kwa mikono hii," nikamwambia. "Wewe kashike usukani."

"Sawa, mzee. Lakini ni boliti moja tu."

"Nimesema kashike usukani."

Nikakinga dizeli kidogo kutoka kwenye tenki, kwa lile bakuli langu la bati. Nikachovya vidole, nikasugua, nikanusa. Mafuta ya taa. Siku zile kila mtu alijua mchezo wa madereva: unauza dizeli njiani, unajazia tenki mafuta ya taa, tajiri hajui mpaka injini ianze kugonga. Lisemwalo lipo, watu husema, na mimi nikalisema. Nilimwita Salu kando nikamwambia dizeli yake inanuka taa, na yeye ajijazie mwenyewe.

Salu hakupiga kelele. Alikwenda kwa sungusungu.

Kwa asiyekaa huku, sungusungu ndio walinzi wetu wa jadi. Walianza kwa kuwafukuza wezi wa ng'ombe, na waliwaweza kweli, polisi walikuwa wameshindwa. Baadaye wakawa wanaamua kila kitu. Wakisema mtu ni mwizi, anatozwa ng'ombe, na asipokiri anatengwa: hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto, hakuna kuchota naye maji. Baraza lilikaa Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani, kwenye uwanja wa nyuma ya ghala la pamba. Wanaume walikuja na pinde zao. Ntemi wao, yaani mkuu wao, alikuwa Maganga, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, na watu walinyamaza ili wamsikie.

"Fundi Januarius," akaniita. "Sisi ni watu wa jembe na ng'ombe. Wewe ndiye unayejua lugha ya injini. Injini inasemaje?"

Lazima niwe mkweli. Swali lile lilinipendeza. Tangu nipunguzwe hakuna aliyeniuliza lolote zaidi ya kama kiraka kitashika, na sasa wanaume mia mbili walikuwa wamenyamaza wakisubiri nifungue mdomo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikasimama, nikanyoosha shati, nikawaeleza habari ya silinda, ya nozeli, ya mafuta ya taa kwenye vidole. Kwa Salu nilikuwa nimesema inanuka. Pale barazani nikasema imechanganywa.

Marcelo alipewa nafasi. Alisema hajauza hata kijiko. Akasema tena habari ya filta.

Salu akainua bahasha ya kaki. Alipewa pamoja na lori siku ya mnada, ina kadi za matengenezo. Katibu wa baraza akaipekua, akasoma kwa sauti: "Agosti tisini na tatu. Filta ya dizeli: imebadilishwa. Sahihi, J. Masunga, fundi mkuu." Akanipa niangalie. Ulikuwa mwandiko wangu, ile J ninayoikunja mkia. Toka siku iliyoandikwa kadi ile lori lilikuwa halijatembea hata msimu mmoja kamili. Nikaiamini.

"Kadi ni karatasi," Marcelo akasema. "Filta iko pale, na lori liko pale. Fungueni muone."

Lilikuwa limeegeshwa hatua hamsini kutoka tulipokuwa tumeketi. Spana ilikuwa mfukoni mwangu. Maganga akanigeukia. "Fundi, kuna haja?"

Nikasema, "Hakuna haja, ntemi."

Maneno yale nimeyarudia mara nyingi tangu siku ile, nikiwa peke yangu, na kila mara najibu vinginevyo. Haisaidii kitu.

Marcelo akatozwa ng'ombe mmoja. Akaambiwa akiri ili yaishe. Akasema hawezi kukiri kitu ambacho hakukifanya, kwa hiyo akatengwa, yeye na nyumba yake, maana yake yeye na mama yake. Nyanjige alikuwa na ng'ombe wawili. Wakamchukua yule mwenye maziwa. Akachinjwa siku ileile kama ilivyo desturi, akaliwa na baraza, na mimi kwa kuwa ndiye niliyefafanua mambo nikatengewa paja. Nilikwenda nalo nyumbani begani kama mtu aliyetoka kuwinda. Mke wangu Felisita alilipika. Yeye hakula. Alisema tumbo linamuuma, na mimi nikasema basi nile sehemu yake.

Marcelo alikaa wiki tatu. Mashine ya kusaga ilikuwa haipokei debe la mama yake. Kisimani wanawake walikuwa wakimwona Nyanjige anakuja wanaondoka na ndoo nusu. Pamba yake ilikuwa inapasuka shambani, na hakuna mtu aliyekwenda kumsaidia kuchuma. Marcelo aliichuma peke yake, akaijaza ndani ya nyumba, kwa sababu hakuna mnunuzi aliyekubali kuipima. Halafu asubuhi moja akapita mbele ya banda langu na begi dogo. Kanuni ilikuwa nisimsalimie, nami nilijua kuzishika kanuni. Yeye ndiye aliyesimama.

"Mzee," akasema, "siku utakapoifungua, umwambie mama."

Akaenda zake kuelekea barabara ya Bariadi. Wengine wanasema yuko machimboni, wengine wanasema alivuka mpaka. Mimi sijui.

Salu akampa usukani Shija, mtoto wa dada yake. Safari hii akaweka kufuli kwenye mfuniko wa tenki, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Alijaza dizeli yeye mwenyewe, akapanda naye kila safari. Wiki ya pili Sabini na Tatu likakata kwenye kilima, likiwa na pamba ya watu hadi juu ya bodi. Wakalipumzisha, likaondoka. Likakata. Walipofika Lalago halikuondoka kabisa, na Salu akanitumia mtu aliyekuja na basi. Mwizi ameondoka, Salu aliagiza niambiwe, ugonjwa umebaki.

Nilifika saa sita mchana. Lori lilikuwa limesimama mbele ya ghala la zamani la ushirika, jua linawaka juu ya bati. Likiwa limepumzika, injini ilikubali kuwaka kwa shida, nikaanza mwanzo. Nati ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa silinda ya nne na ya tano zote kimya. Nikachomoa nozeli, nikaona tena uzi mweupe kwenye ncha, na safari hii sikuupuliza. Niliuweka kiganjani. Nikasokota kwa vidole, na vidole vyangu vikautambua kabla kichwa hakijataka, kwa sababu mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba.

Nikafungua boliti ya filta. Ni moja tu, kama alivyosema.

Kikopo kiliponasuka kikatoka na donge la kijivu, limelowa, limeshikana, na vipande vya kitambaa cha amerikani kilichooza. Nilichana katikati. Ndani kabisa ilikuwa bado nyeupe. Pamba.

Nikakaa chini kwenye vumbi, na mwaka wa tisini na tatu wote ukanirudia. Ilikuwa hapahapa Lalago, mbele ya ghala hilihili. Pamba ilikuwa imerundikwa nje hadi usawa wa paa, mvua zinakaribia, Sabini na Tatu limeziba filta na stoo hakuna filta hata moja. Tulikuwa tumeagiza tangu Machi. Meneja alikuja amefura, akasema lori hilo liondoke leo hata kama ni kwa kusukumwa. Nikachukua pamba kwenye rundo, nikachagua safi yenyewe, siyo fifi yenye takataka, nikaichambua mbegu kwa mkono, nikaifunga kwa kitambaa, nikaishindilia kwenye kikopo badala ya filta. Lori likaondoka. Madereva walinipigia makofi. Meneja akasema fundi kama mimi hayupo Usukuma nzima, akaniambia niandike kwenye kadi "imebadilishwa" ili mkaguzi asiulize maswali, na filta ya kweli ikifika nitaiweka kimyakimya.

Nikaandika. Filta haikufika. Lori likapandishwa juu ya mawe, mimi nikapunguzwa, kitambaa kikaoza taratibu ndani ya dizeli. Kitu cha wiki moja kikabaki miaka mitatu. Mtanikuta nasema nilisahau, na kweli nilisahau, lakini mtu husahau kwa urahisi zaidi jambo ambalo alilisaini.

Na ile harufu? Niliokota bakuli langu la bati pale chini, nikalinusa likiwa tupu. Mafuta ya taa. Nikanusa vidole vyangu. Mafuta ya taa, ya miaka ishirini na tano ya kuosha vyuma. Ningechovya vidole vile kwenye maji ya baraka yangenuka taa.

Filta mpya tuliipata Bariadi siku ya pili yake, dukani, imening'inizwa karibu na sabuni za kuogea. Kwa soko huria kila kitu kilikuwepo. Ile tuliyoisubiri mwaka mzima mpaka ushirika ukafa, mwenye duka aliniletea huku anatafuna karanga. Nikasafisha paipu, nikaosha pampu, nikarudisha nozeli. Sabini na Tatu likawaka likanguruma sawasawa, silinda zote sita zikifuatana bila kukanyagana. Kwa fundi huo ndio muziki. Nilitamani kulipiga kwa nyundo.

Salu alifurahi. Nilipomwonyesha lile donge na kumweleza lilikotoka, alilitazama kidogo, akatazama barabara.

"Basi limepona," akasema. "Tushukuru."

"Na Marcelo?"

"Nkoi, mimi zizi langu lote liko kwenye lori hili. Sina nafasi ya kuwaza mengine. Na ukisema, watu watauliza mimi nilishitaki nini. Acha."

Nikaenda kwa Maganga. Nilimkuta anasuka kamba ya jembe la ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, halafu akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Fundi, shauri lile lilikwisha. Ng'ombe mwenyewe tumeshamla. Wewe ulikula paja."

"Lakini tulikosea, ntemi."

"Baraza halikukosea. Baraza liliuliza kama kuna haja, likajibiwa." Akarudi kwenye kamba yake. "Leo nikisema tulimwonea huyu, kesho watakuja wote tuliowatoza toka mwaka themanini na mbili. Nani atawalipa? Nenda kafanye kazi."

Nilikuwa na hasira naye njia nzima. Nyani haoni kundule. Nilipofika karibu na kisima hasira ikaniishia, ikabaki aibu tupu.

Nyanjige alikuwa mlangoni, anachambua pamba yake. Nyumba ilikuwa imejaa mpaka kizingitini, na paa la nyasi lilikuwa limevuja. Mafungu ya pembeni yalikuwa yamegeuka rangi ya chai.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimia mama. Nadhani ilikuwa salamu yake ya kwanza baada ya karibu miezi miwili. Hakuiitikia. Nikachuchumaa, nikafungua gazeti nililofungia lile donge, nikamwonyesha. Nikamweleza yote. Sikupunguza kitu, hata paja nililitaja. Nikamwambia Marcelo aliniambia siku nitakayoifungua nije nimwambie mama, na nimekuja.

Alichukua donge, akalichana, akavuta nyuzi za ndani, akazinyoosha kati ya vidole viwili kama tunavyofanya sote tukitaka kujua urefu wake.

"Hii ilikuwa safi," akasema.

"Ndiyo, mayu."

Akaangalia rundo lililokuwa nyuma yake. "Na yangu ilikuwa safi. Sasa ni fifi yote." Akanirudishia donge langu. "Hukumshitaki kwangu. Kaseme ulikosemea."

Jumapili iliyofuata nikaenda barazani. Sikuitwa. Maganga alikuwa anasikiliza shauri la mipaka ya shamba, nikapita katikati ya watu nikaweka lile donge na ile kadi chini, mbele ya miguu yake. Nikasema kwa sauti ili hata walio nyuma wasikie: kadi niliiandika mimi na ni ya uongo, dizeli haikuchanganywa, vidole vilivyonuka ni vyangu, na kijana alituambia tufungue tukakataa. Sikusema "tukakataa" kwa ujanja. Nilijisahihisha. Nikasema nikakataa.

Nilitegemea nini sijui. Labda nilitegemea watu wainamishe vichwa, waende kwa Nyanjige kwa makundi, wabebe pamba yake. Mzee mmoja akakohoa. Maganga akaokota kadi, akaitazama, akanong'ona na katibu wake, kisha akasema fundi ameudanganya mkutano, na kuudanganya mkutano kuna faini. Ng'ombe mmoja. Nyumba ya Nyanjige isitengwe tena. Shauri limekwisha.

Walikuja kumchukua ng'ombe wangu mchana uleule. Wakamchinja nyuma ya ghala, wakawasha moto, wakala. Watu walewale, visu vilevile. Nilisikia vicheko vyao kutoka bandani kwangu. Na ili ionekane wana utu, Maganga akaamuru paja lipelekwe kwa Nyanjige, kumfuta machozi.

Asubuhi yake nikamwona anakuja barabarani na beseni kichwani. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka kisimani walimwamkia, "Wangaluka, mayu," kama vile hawakuwahi kuacha. Aliwapita. Akaja mpaka bandani, akatua beseni, akatoa lile paja, akaliweka juu ya meza yangu, katikati ya spana na nozeli.

"Ng'ombe wa kwanza mlimla kwa jina la mwanangu," akasema, "na wewe ulipewa paja ukalimaliza. Huyu wa pili naye wamemla kwa jina la mwanangu. Kula na hili, fundi."

"Mayu, nitamtafuta. Nitakwenda hata machimboni."

"Utamtambua kwa nini? Kwa mlio?"

Akachukua beseni lake tupu akaondoka. Inzi walikuwa wameshaanza kutua juu ya paja. Wakati ule Sabini na Tatu likatokea darajani, limejaa pamba, Shija kwenye usukani, likapanda kilima bila kupumzika wala kutoa moshi. Lilimpita Nyanjige kando kabisa, akiwa njiani kurudi kwake. Injini ilikuwa inaita vizuri mno, na yeye hakugeuza kichwa.